Barafu ya Jua la Sudi

Tangazo muhimu. Wananchi wa Sudi, Mingoyo, Mtanda na popote pale jua linapowaka, mnaombwa kutulia na kusikiliza. Mimi, Zakia binti Likwata, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, nitawaeleza jinsi kiwanda kikuu cha barafu cha pwani yetu kilivyoacha mafuta na kuanza kutumia nguvu ya jua.

Kiwanda chenyewe ni chumba kimoja nyuma ya jiko letu. Mlango wake unafungwa kwa kamba.

Lakini ni kiwanda. Mama yangu, Adija, ndiye mkurugenzi. Yeye pia ndiye mlinzi, mfagiaji na mbeba ndoo. Baba anafanya kazi Mtwara na huja mwisho wa mwezi. Bibi Mwahija, mama yake baba, anaishi nasi. Kazi yake ni kutukosoa sote.

Ndani ya chumba kuna sanduku kubwa la bati lililojaa maji ya chumvi. Mashine huyapoza maji hayo mpaka yanakuwa baridi kali. Hayagandi, kwa sababu ya chumvi. Humo mama hutumbukiza makopo marefu yenye maji safi. Maji safi ndiyo yanayoganda. Kisha mama hutoa kopo na kulimwagia maji kwa nje, na bonge la barafu huteleza na kutoka, jeupe, likifuka moshi kama limetoka kuamka.

Shuleni nilikuwa nakiota chumba hicho. Tukiwa darasani, joto likinibana, nilifumba macho na kuingia humo. Ndotoni hakikuwa na ukuta. Barafu ilipangwa mpaka kwenye mikoko, na bahari yote ilikuwa imetulia juu yake kama shuka. Kisha nilimsikia mwalimu akiniita jina.

Zamani mashine yetu iliendeshwa na jenereta la dizeli. Nguzo za umeme ziliishia upande wa pili wa kijiji. Jenereta lile lilikuwa na hasira. Joto la mchana lilikuwa linalichemsha, kwa hiyo mama aliliwasha usiku. Alfajiri wachuuzi wa samaki walikuja kuchukua barafu, na hapo ndipo mama alipolala.

Mwaka huu jenereta lilikufa. Wanawake wa kikundi cha mama, wale wanaovua pweza mwambani, wakachangia. Wakanunua paneli za jua. Fundi Fortunata wa Mtanda, kule Lindi mjini, alikuja kuzifunga juu ya paa la kiwanda, upande wa nyuma. Paa lile ni la chini. Mtu akinyoosha mkono anaifikia safu ya mbele. Paneli zinatazama kaskazini na zimelala kidogo tu, kama watu waliokula wakashiba.

Nilipofika likizo ya mwezi wa sita nilikuta kijiji kizima kinazungumzia paneli hizo. Lakini barafu haikuwa nzuri. Mama alisema ilianza kwa kusuasua. Kisha mambo yakazidi kuharibika tangu likizo yangu ianze. Sikuona uhusiano wowote.

Asubuhi moja alikuja Kondo na pikipiki yake. Kondo hununua pweza hapa kwetu na kuwapeleka Mtwara. Mama alimtolea bonge la barafu. Kondo aliliweka chini, akaligonga kwa kisigino cha kisu. Lilipasuka. Maji yakamrukia suruali.

"Shemeji Adija," alisema, "hii ni barafu au ni dafu?"

"Ni barafu changa," mama alijibu.

"Changa! Basi inyonyeshe kwanza, nitakuja kuichukua ikikua."

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Kondo naye akaacha utani.

"Sikiliza, shemeji. Bamvua linakuja. Maji yatatoka mbali, na akina mama wote watashuka mwambani. Pweza watakuwa wengi. Bila barafu watafika Mtwara wamelegea, na mnunuzi hawapokei. Nikikosa barafu kwako, nitamwita yule mwenye gari la barafu la mjini."

"Mwite kwa siku hizo tu, basi."

"Hataki. Ameniambia akija Sudi, anakuja moja kwa moja. Nichukue kwake kila siku, au asije kabisa."

Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilijua anawaza nini. Kondo ndiye mteja wake mkubwa. Akiondoka, kiwanda kimefungwa. Na wale wanawake waliochanga watakuwa wamenunua vioo vya kutazamia mawingu.

"Nipe mpaka bamvua," mama alisema.

"Mpaka bamvua," Kondo alikubali. "Nakuheshimu, shemeji. Lakini pweza hanisubiri mimi."

Alipoondoka, mama alisema atakopa ili aongeze betri.

"Muulize kwanza fundi," nilimwambia. Niliongea kwa sauti ya mkuu wa shule. Sauti hiyo hunisaidia sana nyumbani. Mama akampigia fundi simu.

Mchana huohuo bibi aliondoka kwenda Mingoyo. Mjukuu wa dada yake alikuwa amejifungua, na bibi alikwenda kumkanda mzazi. Alivaa kanga mpya. Mimi na bibi ni watani. Yeye ananiita mke mwenzake, kwa sababu anasema marehemu babu angenioa mimi kama ningewahi kuzaliwa.

"Haya, mke mwenzangu," aliniambia akipanda bodaboda. "Usilale kama gogo. Unigeuzie makopa yangu."

"Nitayageuza, mke mkubwa," nilijibu.

Makopa ni ile mihogo tunayoimenya, tukaipasua na kuianika juani mpaka ikauke. Bibi haishi bila makopa. Niliyageuza kwa uaminifu.

Fundi Fortunata alifika kesho yake, jua likiwa juu. Ni mama mnene, mpole, mwenye mkoba wa bisibisi. Kwao ni Kilwa, upande wa milimani, mbali na bahari, lakini amekaa Lindi miaka mingi. Nilimkuta mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Haumwi. Anafanya kazi usiku."

Fundi alinitazama. Kisha akautazama mlango wa kiwanda. Ulikuwa umefungwa, na mashine ilikuwa kimya. Juu yetu jua lilikuwa linamwagika kila mahali, kwenye mchanga, kwenye majani ya mikoko, kwenye mabati. Lilikuwa jua la kutosha kuikausha bahari. Na kiwanda chetu kilikuwa kinasinzia ndani yake.

"Mwamshe," alisema.

Mama alitoka akijifunga kanga. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto. Kisha fundi akauliza, "Mama Zakia, unagandisha saa ngapi?"

"Usiku. Kwani barafu hugandishwa lini?"

"Nani alikuambia usiku?"

Mama alifikiri. "Jenereta," alisema.

Fundi alicheka mpaka mkoba ukamdondoka. Mama naye akacheka, ingawa hakujua kwa nini.

"Jenereta limekufa, mwenzangu, na wewe bado unafuata amri zake," fundi alisema. "Sikia. Mchana paneli zinatoa umeme. Wewe mashine umeizima. Umeme wote unaingia kwenye betri, na betri hizi ni ndogo. Nilizifunga kwa ajili ya taa na wingu likipita. Zikijaa, umeme unaobaki haunufaishi mtu. Usiku unawasha mashine, inazinyonya betri. Kabla ya alfajiri zimekwisha, na barafu yako haijafika katikati."

"Ndiyo maana nataka kuongeza betri."

"Betri ni ghala, lakini ni ghala la gharama, na linazeeka. Wewe ghala unalo tayari."

"Lipi?"

Fundi aligonga sanduku la bati. "Hili. Ukigandisha mchana, jua linaingia humu moja kwa moja. Barafu ndiyo akiba yako. Sanduku hili lina kuta za sponji nene. Ukifunga mfuniko vizuri, baridi inakaa mpaka asubuhi bila mashine kuunguruma hata kidogo."

Niliwaza jua likishuka kwenye waya, likipita ukutani polepole kama mgeni asiyejua njia, likiingia kwenye maji ya chumvi na kulala. Asubuhi mama anafungua mfuniko. Jua la jana limo ndani, jeupe, limeganda.

"Kwa hiyo nifanye kazi mchana, nilale usiku," mama alisema taratibu.

"Kama watu wengine."

"Na wachuuzi?"

"Wachukue alfajiri ileile. Barafu itakuwa imewasubiri. Na jambo lingine. Una pampu ya maji na una mashine ya barafu. Unaziwasha vipi?"

"Kwa pamoja. Nina haraka."

"Usifanye hivyo. Mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi mno. Ikishazoea mwendo inatulia. Ni kama kusukuma gari lililokwama. Kazi ngumu ni pale mwanzo. Washa mashine kwanza. Isikilize mpaka sauti yake iwe sawa. Ndipo uwashe pampu. Ukiziwasha pamoja, inveta inazidiwa na kuzima."

Inveta ni kile kisanduku cha ukutani kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kuendesha mashine. Kina kioo kidogo kinachoonyesha namba. Fundi alikitazama, uso ukabadilika.

"Namba hii ni ndogo," alisema. "Kwa jua hili ilitakiwa kuwa kubwa zaidi. Kuna kitu kwenye paneli. Twende nyuma."

"Nyuma kuna siafu," nilisema haraka.

"Siafu hawali umeme," fundi alijibu, akatangulia.

Tulizunguka kiwanda. Paneli ziling'aa, nyeusi na za buluu, kama vipande vya bahari ya usiku. Ila safu ya mbele. Safu ya mbele ilikuwa na makopa. Yalipangwa vizuri sana, kipande kando ya kipande, na kila kimoja kilikuwa kimegeuzwa.

Mama aliweka mkono mdomoni. "Mama mkwe!"

"Bibi ni mtu wa zamani," nilisema kwa masikitiko. "Hakupata elimu. Nitamwelimisha mwenyewe akirudi."

Fundi hakukasirika. Aliniagiza niyashushe makopa yote na kufuta vioo. "Mtu huona kioo kimelala juani, kina joto, mbuzi hafiki. Ni nani asingeanika? Lakini Mama Zakia, nenda ndani utazame namba. Utusomee kwa sauti."

Mama aliingia ndani. Tulimsikia akipaza sauti. Namba ilikuwa inapanda.

Fundi akavua mtandio wake, akafunika nao paneli moja tu.

"Inashuka!" mama alipiga kelele. "Inashuka sana! Mmefunika ngapi?"

"Moja!"

"Moja tu? Haiwezekani!"

Fundi alipouondoa mtandio, mama alitoka akikimbia kuja kuhakikisha kwamba hatukumdanganya.

"Umewahi kuona akina mama wakipokezana ndoo kutoka kisimani?" fundi alimuuliza. "Wamejipanga mstari. Ndoo inapita kwa kila mmoja. Mmoja akisinzia, mstari mzima unangoja. Paneli hizi ziko hivyo. Umeme unapita kwenye zote kwa mstari. Kivuli kwenye moja kinazirudisha nyuma na nyingine zote. Kwa hiyo hakuna makopa, hakuna nguo, hakuna tawi la mti. Vumbi lifutwe asubuhi mapema kwa maji na kitambaa laini. Siyo mchana, kioo kikiwa cha moto. Kioo cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Na nyaya msiziguse. Paneli ikiona jua inatoa umeme hata kama umezima kila kitu ndani."

Mama alirudia kila neno. Mimi nilitazama mawingu. Yalikuwa mazuri sana.

Kuanzia kesho yake maisha yetu yaligeuka. Mama aliamka nami, akanywa chai nami. Mimi nilifuta vioo umande ukiwa bado haujakauka. Jua lilipopanda juu ya mikoko, mama aliwasha mashine. Tulisimama tukiisikiliza. Mwanzo ilinguruma kwa shida, kisha sauti ikatulia, ikawa nyembamba, kama mtu anayeimba akiwa anafanya kazi nyingine. Ndipo mama akawasha pampu. Inveta haikuzima.

Mchana nililala kwenye sakafu ya kiwanda, sikio kwenye bati la sanduku. Nje joto lilikuwa linatetemesha hewa. Ndani maji yalikuwa yanaganda, na nilisikia vijisauti, tik, tik, kama mtu anatembea mbali juu ya changarawe. Nilikuwa macho, lakini nilikuwa naota.

Kondo alipita siku moja akachungulia. Alikuta fundi amekuja kukagua kazi yake.

"Fundi, nieleze ukweli," alisema. "Mimi jua nalijua la kuchaji simu. Hili la kuendesha kiwanda limeanza lini?"

"Limeanza wewe ukiwa unachaji simu," fundi alimjibu. "Zamani paneli zilikuwa za taa tu, kwa sababu zilikuwa ghali. Sasa zimeshuka bei. Watu wanaendesha pampu za mashambani, mashine za kusaga, viwanda. Wenye umeme wa nguzo nao wanafunga. Mchana wanatumia jua, likizama wanarudi kwenye nguzo. Ila kila mwenye mashine lazima ajiulize, kazi ipi naweza kuifanya jua likiwa juu? Akipata jibu hilo, betri anahitaji chache."

"Na mvua ikinyesha?"

"Barafu itapungua. Mama Zakia ataweka akiba kabla. Jua halina ahadi ya kila siku, usidanganywe na mtu."

Kondo alinitazama mimi aliposikia neno kudanganywa. Sijui kwa nini.

Bamvua lilifika. Maji yalitoka mbali mpaka mwamba ukabaki uchi. Wanawake walishuka na fimbo zao, wakionekana wadogo, wadogo zaidi, mpaka wakawa vinukta vya kanga kati ya mbingu na maji yaliyobaki kwenye mashimo. Ukiwatazama kwa muda ulidhani wanatembea juu ya anga. Walirudi jua likiwa kali, ndoo zimejaa pweza. Uani kwetu palijaa sauti.

Kondo alishuka kwenye pikipiki na masanduku yake. Mama alifungua mfuniko, baridi ikatoka ikatulamba miguu. Alitoa bonge la kwanza. Kondo aliligonga kwa kisigino cha kisu. Liligoma. Akaligonga tena kwa nguvu. Kisu kiliruka, bonge likabaki vilevile.

"Shemeji," alisema akitikisa mkono wake, "hii nayo umeilisha nini?"

"Jua," mama alisema.

Wanawake walipiga vigelegele. Barafu ilipondwa, pweza wakapangwa, tabaka la barafu, tabaka la pweza. Kondo alisema mwenye gari la mjini atafute njia nyingine. Fundi Fortunata, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alipewa pweza mkubwa kuliko wote. Mama alinishika bega mbele ya watu.

"Na huyu mwanangu ndiye anayefuta vioo kila asubuhi. Yeye ndiye aliyeniambia niite fundi. Elimu ni kitu kikubwa."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa najiandaa kutoa hotuba fupi.

Ndipo bodaboda iliposimama. Bibi Mwahija alikuwa amerudi kutoka Mingoyo. Alishuka, akawaamkua watu, akawasifu pweza. Kisha akachukua ungo wa mihogo mibichi aliyokuja nayo, akaelekea nyuma ya kiwanda.

Nilisahau hotuba. "Bibi! Pumzika kwanza!"

"Nitapumzika nikishaanika."

Ndani, mashine ilikuwa inaimba. Kidogo baadaye sauti yake ikashuka. Ikawa nzito, ikasitasita. Mama na fundi walikimbia nyuma, na wanawake wote wakawafuata. Bibi alikuwa anapanga kipande cha nne kwenye kioo.

"Mama!" mama yangu alimwita. "Zakia hakukuambia? Hapo hapaanikwi! Umeme unakatika!"

Bibi alishangaa, kipande cha muhogo mkononi. "Hapaanikwi vipi? Si kichanja?"

"Kichanja?"

"Kichanja cha kisasa cha makopa. Mke mwenzangu aliniambia siku aliyofika likizo. Nilimuuliza vioo hivi ni vya nini. Akaniambia vimeletwa kwa ajili ya wazee, makopa yawahi kukauka."

Fundi aligeuka kunitazama. Mama aligeuka. Kondo, ambaye hakuwa na shughuli yoyote huko nyuma, naye alikuwepo, akinitazama kwa furaha kubwa.

Sauti ya mkuu wa shule ilikataa kutoka. Ilitoka yangu.

"Ni mimi," nilisema. "Nilidhani ni utani tu. Sikujua kwamba vivuli vichache vitaharibu barafu yote. Na fundi alipoeleza nilijua, lakini nikaogopa. Nikasema bibi hakupata elimu. Nisamehe, bibi. Nisamehe, mama."

Bibi alianza kuondoa vipande vyake, kimoja kimoja, akivirudisha kwenye ungo. Mashine ikapanda sauti tena. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye kanga.

"Na ile ya kuviamkia?" aliuliza.

"Kuviamkia nini?" mama aliuliza.

"Vioo. Aliniambia kabla ya kuanika lazima nivipigie shikamoo kila asubuhi, ndipo vifanye kazi. Mimi na umri wangu huu! Nikawa najiuliza, mbona haviitikii?"

Nilitazama mawingu. Hayakuwepo.

"Hiyo nayo ni mimi, bibi," nilisema.